Arbakam ya Mwalimu Deo

Vijana wa garaji wameniomba niandike. Walikuja watatu na daftari jipya, wakasema, "Muzee Swedi, umeshika kle zaidi ya miaka arobaini, apana kwenda nayo yote mu kichwa." Kle ni spana. Nimekubali, ila kwa sharti langu. Sitaandika habari za cheo, maana mtaani kwetu Buyenzi hakuna cheo. Kuna anayejua na kuna anayeshika taa. Na kuna jambo moja ambalo hawakuniuliza kwa sababu hawalijui. Kwa ajili ya hilo ndiyo nimeshika kalamu, ingawa macho hayataki. Mtakaoniona mdogo mkishalisoma, sawa, mtakuwa na haki.

Siku yangu ya kwanza sikugusa motere, yaani injini. Mzee Haruna, mwenye garaji, Mungu amrehemu, alinipa ndoo ya mazuti, ile dizeli, na bulo mia na kitu, zile ambazo watu wa Kigoma wanaziita bolti, akaniambia nizioshe. Nikaziosha, nikazimwaga zote kwenye sinia moja, zinang'aa, najisifu. Akaja akatazama. Hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa anakutazama tu mpaka ukatamani angepiga. Halafu akachukua kipande cha katoni, akachora umbo la motere kwa mkaa, akatoboa tundu mahali pa kila bulo. "Kila moja ina nyumba yake," akasema. "Sasa zirudishe." Ilinichukua siku mbili kujua ipi ni ya wapi, na tangu hapo sikuwahi kufungua kitu bila katoni pembeni.

Kukaza ndiko kulikochukua miaka. Kichwa cha motere ni alumini, chuma laini. Ukikaza kwa hasira unakula nyuzi za tundu, ukikaza kwa uvivu bulo inarudi nyuma kidogo kidogo na mtetemo. Mzee Haruna alikuwa na kledinamo moja tu, ule ufunguo mrefu unaopima nguvu ya mkono na kulia "ka!" ukifika mahali pake. Aliupata kwa Mgiriki aliyefunga garaji yake mjini. Kila jioni aliurudisha kwenye sifuri ili springi isichoke, akaufunga kwenye kitambaa, akaenda nao nyumbani. Mke wake alikuwa anasema ufunguo huo unalala vizuri kuliko yeye.

Na alikuwa na sheria moja iliyokuwa ya garaji yake peke yake. Sisi wengi wetu ni Waislamu. Adhana ikilia, vyuma vinawekwa chini. Mzee Haruna alisema: adhana ikikukuta katikati ya kukaza, usiende hivyo hivyo. Zilegeze zote kwanza. Ukirudi kutoka kwenye sala unaanza upya, ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa sababu ukirudi hutakumbuka ulifika wapi, utafikiri tu unakumbuka. Tulinung'unika sana. Mtu umebakiza bulo mbili, unaambiwa uzirudishe zote! Lakini tulilegeza. Miaka ya vita tulitengeneza magari yenye matundu ambayo hatukuuliza yametoka wapi, na hata wakati huo, adhana ikilia na risasi zinasikika upande wa Kamenge, tulilegeza kwanza ndiyo tukaenda.

Sasa nifike kwa Mwalimu Deo.

Mwalimu Deo anafundisha fizikia kwenye shule moja ya Kamenge na anakaa Gihosha, juu kule ambako barabara inapanda mpaka gari linaomba msamaha. Ni mtu mrefu, mpole, wa kanisani, na anapenda motere kuliko baadhi yenu mnaolipwa kuzipenda. Shuleni alikuwa na motere moja ya zamani kwenye meza, anawaonyesha wanafunzi jinsi pistoni inavyopanda na kushuka. Mke wake tunamwita Mama Ineza, kwa jina la binti yao. Figo za Mama Ineza zilikuwa zimechoka. Mara mbili kwa wiki alikuwa anashuka hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na akitoka huko mwili wote hauna nguvu. Gari lao dogo lilikuwa linashindwa kumpandisha kurudi nyumbani. Lilikuwa linazimika katikati ya mlima, Mwalimu anashuka kusukuma pamoja na wapita njia, na mgonjwa amekaa ndani ameegemeza kichwa kwenye kioo. Hilo ndilo lililomfanya Mwalimu aingie kwenye simu kutafuta dawa.

Siku hizi kila mtu ana fundi ndani ya simu yake. Huyu wa Mwalimu alimwambia abadilishe arbakam, yaani zile fimbo mbili za chuma zenye vinundu zinazolala juu ya motere na kufungua supape, vile vilango vya motere, ili hewa iingie na moshi utoke. Kwenye motere ya aina moja na hiyo, ila yenye nguvu zaidi, vinundu ni virefu, hewa inaingia nyingi, gari linapanda. Mwalimu akaziagiza kwa mtu anayeleta vyuma vilivyotumika kutoka Dubai. Akafungua motere mwenyewe uani kwake, siku za Jumamosi, kwa wiki tatu. Nilipoambiwa nilicheka. Lakini alipofika kwenye kukaza akasimama, akanipigia simu. "Muzee, apa sina ufunguo, na naogopa. Kuja unisaidie."

Nikaenda na kledinamo yangu. Wallahi, niliyoyakuta yalinifunga mdomo. Amepanga kila kitu juu ya shuka jeupe, kila kipande na karatasi yenye jina. Kila arbakam inashikwa na bulo kumi. Akaniomba, kama mtoto anayeomba zawadi ya sikukuu, akaze upande mmoja yeye mwenyewe, ule wa kutolea moshi, mimi nikimtazama. Nikampa ufunguo. Alianzia katikati kwenda pembeni, kama inavyotakiwa, raundi ya kwanza ya mkono, raundi ya pili ya ufunguo. Kila "ka!" anaandika kwenye daftari. Nilichoka kusimama.

"Mwalimu, motere hii haitafanya egzame," nikamwambia, maana alikuwa anaandika kama mtu wa mtihani.

"Itafanya, muzee. Kesho kutwa, mu mulima."

Alipomaliza zake kumi nikachukua upande wangu, wa kuingizia hewa. Raundi ya kwanza nikaipitisha haraka, ya kukalisha tu. Nikaanza ya pili, nikakaza mbili za katikati, na simu mfukoni mwangu ikaadhini.

Sheria niliijua. Niliwafundisha nyinyi. Lakini nilikuwa uani kwa mtu, si garajini, na nilijiambia ni mbili tu, nitakumbuka. Nikarudisha ufunguo kwenye sifuri, nikaufunga kwenye kitambaa chake, kwa mazoea tu ya mikono. Mama Ineza alikuwa amenitandikia kitenge kipya sebuleni, akageuza kiti ili kisinikingie mbele. Yeye ni Mkatoliki, na alijua niswalie upande gani. Alikuwa ameuliza kwa jirani. Nikaswali. Nikatoka nikakuta ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, mezani. Yeye hakula. Alikunywa maji kwa kikombe kidogo cha kahawa, kwa sababu maji yake ya siku yanapimwa, akanieleza kwa kucheka kwamba anaota mito. Tulikaa, tukazungumza.

Niliporudi uani niliona ufunguo umefungwa kwenye kitambaa. Ufunguo uliofungwa, kwangu, ni kazi iliyokwisha. Nikachukua kifuniko cha motere.

"Zote umekaza, muzee?" Mwalimu akauliza, daftari mkononi.

"We unaniuliza mi?"

Akainamisha kichwa. "Apana kasirika. Nilitaka kuandika tu."

"Andika basi," nikasema, nikafunga kifuniko.

Gari likawaka, likalia vizuri, likapanda mlima wa Gihosha na watu wanne ndani. Kwa wiki tatu Mwalimu alikuwa anatembea kifua mbele. Mama Ineza akipita Buyenzi alikuwa ananipungia mkono dirishani.

Halafu siku ya hospitali, wakiwa wanashuka, motere ikaanza kugonga, kwanza taratibu, halafu kama mtu anayebomoa mlango. Ikazimika. Mafuta yalikuwa hayapatikani mjini wiki ile, barabara haina magari. Mama Ineza alikaa kwenye ukingo wa mtaro juani zaidi ya saa nzima, mpaka wakapata pikipiki, na mgonjwa wa figo akapanda pikipiki. Alifika zamu yake imekwisha. Walimtafutia nafasi kesho yake, na mpaka kufika hapo maji yalikuwa yamemjaa kifuani, analala amekaa, anapumua kwa kuhesabu. Alipona ile hatari. Lakini pale mtaroni, mbele ya watu, alikuwa amemwambia mume wake, "Utaniua na akili zako za mu simu."

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka kwetu. Nililifungua peke yangu. Nilipoinua kifuniko nilijua kabla sijagusa. Bulo moja ya upande wangu ilikuwa imetoka kabisa, imelala karibu na cheni. Nyingine saba zilizunguka kwa vidole viwili, kama vifuniko vya chupa. Mbili tu za katikati zilikuwa zimeshika. Nikaenda upande wa Mwalimu na kledinamo. Ya kwanza, ka! Ya pili, ka! Zote kumi zililia pale pale, bila kusogea hata unywele. Nikakaa chini juu ya tairi. Ile sala niliyoenda kuiswali nikaikumbuka yote, na sikukumbuka bulo hata moja niliyokaza baada yake, kwa sababu hazikuwepo.

Mwalimu alikuja alasiri, macho mekundu. Mafundi walikuwa wamesimama, na mimi nilikuwa nimeshafunika motere kwa gunia.

"Ni mi, sindiyo, muzee?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi. Nikasema, "Bulo zililegea. Inafikaga, hutokea." Nikanyamaza, na yeye akauchukua ule ukimya akaufanya ndiyo.

Kasimu, mnamjua mdomo wake, akapiga kelele, "Mwalimu, baki na chaki yako!" Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Naliandika hili kwa sababu nikiliruka, mengine yote ni bure. Nilicheka.

Kazi ya kutengeneza niliifanya siku tatu, peke yangu, na sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nilitoa arbakam, nikaangalia vikalio vyake, pale inapozungukia, kwa kucha, nikakuta kimoja kimechunika, nikakisugua kwa msasa laini wa maji mpaka kikawa kama kioo. Lile tundu la bulo iliyotoka, nyuzi zake zilikuwa zimeliwa. Nikalitoboa upya na kulitia nyuzi za chuma. Nilipima supape moja moja, hakuna iliyopinda, alhamdulillahi. Nikatia bulo mpya upande wangu wote, raundi ya kwanza, ya pili, na ya tatu ya kuhakikisha, na kila moja nikaitia doa la rangi nyeupe ili ikirudi nyuma ionekane. Adhana zilinikuta mara nyingi. Nililegeza kila mara. Sikupokea kitu kwa Mwalimu, na Buyenzi nzima ikasema muzee ana roho safi. Astaghafirullah.

Nilifikiri yatakwisha hapo. Lakini Mama Ineza alikataa kupanda gari lile mpaka mimi nishike motere kwanza. Basi kila wiki, kabla ya hospitali, Mwalimu anakuja, nafungua kifuniko, napitisha ufunguo kwenye bulo ishirini, nafunga. Mama Ineza amekaa mbele, kitambaa kichwani, anashusha kioo.

"Muzee, umeweka mukono?"

"Nimeweka, mama."

"Basi nitapanda mu amani."

Mume wake amesimama pale pale, anasikia. Mwezi wa pili tangu gari lizimike alileta sanduku lake la vyuma, akaliweka mlangoni petu. "Mutumie," akasema. "Mi si mutu wa kushika vyuma." Ile motere ya shuleni aliwapa watu wa chuma chakavu. Mwanafunzi wake mmoja alikuja kuniuliza kama Mwalimu ni mgonjwa, maana siku hizi anafundisha amekaa. Miezi minane. Nilikuwa naona mtu anapungua mbele yangu kwa ajili ya kosa langu, na kila wiki nashukuriwa.

Mtauliza kwa nini sikusema. Mara ya kwanza ni aibu, mbele ya watu. Baadaye ni kwamba kila wiki niliyonyamaza ilifanya wiki ifuatayo iwe nzito zaidi. Sina sababu nyingine nzuri. Nimetafuta.

Niliacha kazi kwa bega na macho, hilo ni kweli, mnalijua. Mlinifanyia sherehe, mkaleta Fanta na mbuzi, Kasimu akasimama kuhutubia. Akasema, "Hakuna bulo aliyokaza Muzee Swedi ikalegea." Mkapiga makofi. Niliona kwamba nikinyamaza na hapo, nitakuwa nimemzika Mwalimu Deo na kusimama juu yake.

Kesho yake asubuhi nilipanda Gihosha. Nilimkuta Mama Ineza barazani, amekonda, mkono wenye bomba la kusafishia damu umefungwa bandeji. Mwalimu alikuwa anamwoshea miguu kwenye beseni. Alitaka kuinuka anipe kiti, nikamzuia. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuuliza hali za nyumbani.

"Mwalimu, zile bulo hazikuwa zako. Zililegea za upande wangu. Nilienda kuswali, nikarudi, sikukaza. Nililijua siku ile ile nilipofungua, na nikakuacha ubebe."

Maji kwenye beseni yalitulia. Mama Ineza ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake haikuwa ya mgonjwa.

"Miezi munane, muzee."

"Ndiyo, mama."

"Miezi munane nakuuliza we kama umeweka mukono. Yeye amesimama pale. Nakuuliza we!"

"Ndiyo."

"Na siku ile nilimuambia ataniua. Watu wakisikia." Akamgeukia mume wake.

Nilingoja Mwalimu anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, nilitaka kabisa anitukane. Alikuwa bado amechuchumaa, mguu wa mke wake mkononi, anatazama maji.

"Na zangu?" akauliza.

Sikumwelewa mara moja.

"Upande wangu, muzee. Zile kumi. Ulizikuta namna gani?"

"Zilikuwa zimeshika. Nilizipima moja moja. Hata moja haikusogea."

"Zote kumi?"

"Zote kumi, Mwalimu. Ulikaza vizuri kuliko mimi."

Aliuweka mguu wa mke wake chini taratibu, juu ya taulo, akajifunika uso kwa mikono iliyolowa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Sijawahi kumwona mwanaume wa umri ule akilia hivyo, bila sauti, kama anaogopa kuwaamsha watu. Mama Ineza akainama, kwa shida, na kwa ule mkono wake mzima akavuta mikono ya mume wake kutoka usoni. Akaigeuza, akaitazama viganja, kisha migongo yake, kidole kwa kidole.

"Muzee," akaniambia bila kuniangalia, "wende sasa. Utarudi siku ingine, na siku hiyo tutagombana vizuri. Leo uniache na bwana yangu."